Lau Ningeondoka Alhamisi



Mhariri aliponiomba makala ya akida kwa toleo hili, nadhani alitarajia nirudie somo la sifa ishirini tulilolikariri madrasa. Badala yake nitaanza na katuni, tena ya vichekesho, na nawaomba wenye subira wanivumilie mpaka nifike kwenye hoja.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa watano katika chumba cha kupanga cha mwenzetu kule Kanengo, ambako msimu wa tumbaku ukifika harufu yake hukufuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Kulikuwa na laptopu moja, flashi moja, na mandasi zilizopoa. Ndani ya flashi mlikuwa na vipindi vya Futurama, katuni ya Marekani iliyobuniwa na Matt Groening na kuanza kurushwa mwaka 1999. Mhusika wake mkuu, Fry, ni kijana mpeleka pizza anayegandishwa kwa bahati mbaya usiku wa kuamkia mwaka 2000, akazinduka baada ya miaka elfu moja. "Hawa ndio Ashabul Kahf wa Wamarekani," alisema mmoja wetu, tukacheka. Kauli hiyo nitairudia.

Kipindi tulichokitazama kinaitwa The Late Philip J. Fry. Kilirushwa mara ya kwanza Julai 2010 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Emmy. Jina lake ni mchezo wa maneno, kwa maana kwa Kiingereza neno hilohilo ni "aliyechelewa" na pia "marehemu". Kisa chenyewe ni hiki. Fry amekosa kufika kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Leela, mwanamke anayempenda, na ameahidi kumfidia kwa chakula cha usiku. Kabla ya kwenda, mzee profesa anamwita pamoja na roboti aitwaye Bender wajaribu mtambo wake mpya wa kusafiri katika wakati. Mtambo huo unakwenda mbele tu. Profesa ameutengeneza hivyo makusudi, ili mtu asirudi nyuma akavuruga mambo. Walikusudia waruke dakika moja. Profesa akajikwaa, mkono ukaangukia usukani, wakajikuta mwaka 10,000, mji umekuwa magofu.

Kurudi hawawezi. Wanaendelea kwenda mbele, wakitumaini kufikia zama ambazo watu watakuwa wamevumbua mtambo wa kurudi nyuma. Wanapita milki za kila aina, mpaka wanafika mahali ambapo dunia yenyewe haina kiumbe hai. Hapo Fry anaingia kwenye pango lililokuwa mkahawa walioahidiana, na sakafuni anakuta maandishi ya mawe. Leela, baada ya kujua kwamba Fry hakumdharau bali alipotelea mbele ya wakati, alitoboa dari kwa risasi, tundu moja moja, ili maji yadondoke kwa mamilioni ya miaka na matone yaumbe barua yake. Pale hatukucheka. Hata yule ambaye huwa hanyamazi alinyamaza.

Kisha ulimwengu unakwisha. Baada ya giza unaumbika mwingine, unaofanana na wa kwanza kwa kila kitu. Wanangoja ufike siku ile ile, wanapitiliza kidogo, wanalazimika kuzunguka tena mpaka ulimwengu wa tatu. Mtambo unatua. Unatua juu ya profesa, Bender na Fry wa ulimwengu huo, na kuwaua palepale. Fry wetu anakimbilia mkahawani akiwa amewahi, Leela anafurahi, na Bender anabaki nyuma akizika maiti. Mwisho.

(Kuna pombe ndani yake na maneno yasiyofaa. Sikiandikii kipindi hiki cheti cha halali. Naandika juu ya swali lililotoka humo.)

Swali lilitoka kwa achimwene mmoja wa Mangochi, tuliye naye mwaka wa tatu. Alisema: "Ungekuwa na mtambo unaorudi nyuma, ungeutumia?" Wote walijibu haraka. Mmoja angerudi kufanya upya mtihani wa kidato cha nne. Mwingine angerudi kumwambia marehemu bibi yake neno alilomficha. Zamu yangu ilipofika nikasema sijui, kisha umeme ukakatika, na mazungumzo yakahamia kwenye umeme.

Sikusema sijui kwa adabu. Nyumbani kwetu swali hilo lina umri wa miaka mingi.

Sisi ni watu wa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Tulitoka nikiwa mdogo, tukapita Tanzania, tukaingia Malawi, tukapokelewa Dzaleka. Kwa wasomaji ambao hawajafika: Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kwa safari ya minibasi kutoka Kanengo kupitia Lumbadzi. Zamani, enzi za Kamuzu Banda, palikuwa gereza. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu elfu kumi hivi na sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Siku tuliyotoka Uvira ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ameshaamua kuondoka tangu Alhamisi, lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa akidaiwa pesa za nyavu, na alikuwa ameahidi kulipa Jumamosi asubuhi. Baba akasubiri. Ijumaa usiku wenye silaha wakaingia mtaani. Kaka yangu mkubwa alipigwa risasi, na sisi tuliondoka kabla ya mchana bila kumzika. Tulimsalia Swala ya ghaibu tulipofika Dzaleka, miezi baadaye, watu wanane, nyuma ya hema.

Tangu hapo baba ana sentensi moja. Haisemi kila siku. Huisema usiku, mara nyingi akiwa anafungua viatu: "Lau ningeondoka Alhamisi."

Nyote mnaijua Hadithi ya Abu Hurayra katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) anamsifu muumini mwenye nguvu, anatuhimiza tufuatilie lenye manufaa na tumtake Mwenyezi Mungu msaada, na anatukataza, tukipatwa na jambo, kusema lau ningefanya kadha yangekuwa kadha, kwa sababu lau hiyo hufungua mlango wa kazi ya shetani. Mara ya kwanza kuisoma darasani nilishtuka kwa sababu neno lenyewe ni letu. Halikuhitaji tafsiri. Ni neno la baba, herufi kwa herufi.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, kwa ujinga wa mwanafunzi mpya, nilirudi nyumbani likizo nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amesema kweli Mtume," akaendelea kufungua viatu. Sikuwa nimemfundisha kitu. Katazo alilijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui linakataza nini hasa.

Maana si kila lau imekatazwa. Imam Bukhari ana mlango mzima juu ya lau inayoruhusiwa, na Mtume mwenyewe katika Hija ya kuaga alieleza kwamba lau angejua mwanzo alichokuja kukijua baadaye, asingekuja na wanyama wa kuchinja. Alikuwa akiwafundisha watu hukumu na kuwatuliza nyoyo. Na ile lau ambayo Qur'ani inailaumu, katika Aal Imran, ni ya waliokaa nyumbani siku ya Uhud kisha wakawasema waliouawa kwamba lau wangetusikiliza wasingekufa. Ilikuwa silaha ya kuwatonesha wafiwa. Baba hamtoneshi mtu. Au hivyo nilidhani.

Mdogo wangu wa mwisho amezaliwa Dzaleka, miaka minne baada ya kufika kwetu. Mwaka jana alikuwa na miaka kumi na moja. Usiku mmoja baba alisema sentensi yake, naye alikuwa anamalizia kuosha vyombo. Akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei: "Baba, mngeondoka Alhamisi, mimi ningekuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mama alisema vyombo vifunikwe.

Nimelifikiria swali hilo kuliko swali lolote la mtihani. Mngeondoka Alhamisi, mngepita njia nyingine, na labda mngeishia Kigoma na si Malawi. Mama alikuwa ameamua kwamba hazai tena. Alibadili nia Dzaleka, na mwenyewe husema ni kwa sababu ya nyumba iliyokuwa kimya mno. Uondoe msiba, umeuondoa ukimya. Ukiuondoa ukimya, mtoto huyu hayuko. Si kwamba angekuwa mahali pengine akiwa na maisha mazuri zaidi. Hayuko kabisa. Kwa hiyo anayetamani kurudi nyuma hatamani tukio moja lifutwe. Anatamani kila kilichokuja baada yake kifutwe, na humo mna watu. Profesa wa katuni alilijua hilo, ndiyo maana aliutengeneza mtambo wake uende mbele tu. Lakini waandishi walikuwa wajanja zaidi yake. Fry hakurudi nyuma hata dakika moja, na bado ili aipate jioni yake aliyoikosa ilibidi mtu apondwe chini ya mtambo. Tulicheka kwa sababu aliyepondwa alikuwa na sura ileile.

Sasa, ndugu msomaji, utaona hoja hii inaelekea wapi, na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Kuna watu wazuri, watu wa msikitini, waliomwambia mama mtoto alipozaliwa: "Mungu amechukua mmoja, amekupa mwingine badala yake." Walisema kwa nia njema. Lakini hiyo ni hesabu ileile ya mtambo, imegeuzwa tu. Ya kwanza inafuta aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Ya pili inamfanya aliyekufa kuwa gharama ya aliye hai. Katika katuni Leela anakula na Fry ambaye si wa ulimwengu wake, wala hatambui. Mama angetambua. Najua kwa sababu mpaka leo akiwaita watoto kwa haraka jina la kaka hutangulia, kisha hujisahihisha.

Kuna atakayenikumbusha kisa cha Khidhr katika Suratul Kahf, kijana aliyeuawa na wazazi wake wakaahidiwa aliye bora kuliko yeye. Ndiyo. Ila Khidhr alitenda kwa elimu aliyopewa na Mola wake, akasema waziwazi hakufanya kwa amri yake mwenyewe, na Nabii Musa (a.s.), pamoja na cheo chake, hakuweza kuvumilia kuiona. Kisa hicho kinatuambia hesabu ipo. Hakituambii kwamba daftari tumepewa sisi. Anayempa mfiwa pole kwa hesabu ya Khidhr bila kuwa Khidhr amevaa joho si lake.

Basi tuseme nini? Tuseme kadari tu? Neno hili nalo nina ugomvi nalo, si lenyewe, bali matumizi yake. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi walipoamriwa kurejea Dzaleka, mzee mmoja jirani yetu alirudi kutoka Lilongwe bila duka lake la nguo. Vitu vyake alivyoviacha viligawanywa na watu asiowajua. Msikitini aliambiwa asilalamike, ni kadari. Alijibu kitu ambacho sijakisikia kwa mwalimu yeyote: "Kwamba nilipoteza ni kadari. Kwamba walichukua ni wizi."

Mzee yule hajui kwamba amesema alichosema Ibn Taymiyya. Katika Sahih mbili kuna Hadithi ya Nabii Musa kumlaumu Nabii Adam (a.s.) kwa kututoa peponi. Adam akamuuliza kama anamlaumu kwa jambo aliloandikiwa kabla hajaumbwa, na Mtume akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Wavivu wameifanya Hadithi hii hati ya kila dhambi. Ibn Taymiyya akaeleza kwamba Musa alikuwa akilalamikia msiba uliotufika, yaani kutoka kwenye bustani, na kwa msiba kadari ni jibu sahihi. Dhambi Adam alikuwa ameshaitubia. Hakuitetea kwa kadari hata siku moja. Kadari ni mahali pa kuuegemeza msiba. Haikuwekwa imfiche aliyetenda.

Tazameni sharia yenyewe. Kila nafsi hufa kwa ajali yake, haitangulii wala haichelewi saa. (Kiswahili tumelichukua neno hili tukalipachika kwenye magari yanayopinduka, na sijui kama tulipoteza au tulipata.) Pamoja na hayo, aliyeua kwa kukosea analipa diya na anatoa kafara, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 92. Ingekuwa kadari inafuta dai, aya hiyo isingekuwa na kazi. Waliompiga kaka yangu risasi hawakumpunguzia siku aliyoandikiwa, na bado wana deni la damu yake. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtu anayekulazimisha uchague kimoja hajasoma vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa sentensi ya baba. Ndani yake mna vitu viwili vilivyofumwa pamoja. Kimoja ni kutaka wakati urudi. Kingine ni kujishitaki: nilisubiri kwa ajili ya pesa za nyavu. Cha kwanza hakina mlango. Cha pili kinao.

Sasa niirudie kauli ya Ashabul Kahf, maana mwenzetu alisema zaidi ya alivyokusudia. Angalieni wasafiri wa wakati waliomo katika Qur'ani. Vijana wa pangoni walilala miaka mia tatu na ziada ya tisa, wakaamka, wakamtuma mmoja sokoni na fedha zao. Yule aliyepita kwenye mji uliobomoka, katika Baqara 259, alifishwa miaka mia kisha akafufuliwa, chakula chake hakijaharibika. Wote walikwenda mbele. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyuma. Wanaoomba kurudi wapo, na wanajibiwa. Katika Mu'minun, mtu aliyefikiwa na mauti anaomba arudishwe afanye mema, anaambiwa hapana, na mbele yake kuna barzakh. Katika An'aam aya ya 28 jibu ni zito zaidi: lau wangerudishwa, wangerudia yaleyale waliyokatazwa. Wanakatuni wa Marekani hawakukusudia tafsiri, ila walimwengu wao watatu wanaofanana, ambamo Fry anachelewa kila mara, wamefika karibu sana.

Na vyombo tulivyopewa vya kushughulikia yaliyopita vyote vinatazama mbele. Swala iliyokupita huwezi kuirudia wakati wake, unailipa kadha. Kiapo ulichokivunja kina kafara. Haki ya mtu inarudishwa kwake, au kwa warithi wake. Hata toba, ambayo tungeweza kudhani ni kurudi, nguzo yake moja ni azma ya kutorudia, yaani ni juu ya kesho. Leela hakuwa na mtambo. Alikuwa na risasi, dari na maji, akaandika kwenda mbele.

Kuna Hadithi moja ambayo naona ni ya wakimbizi kuliko watu wote. Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa tauni imeingia. Akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Makureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mwenye ngamia anayekuta bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Mara nyingi tunaisoma Hadithi hii kama ruhusa ya kuondoka. Likizo iliyopita nilimsomea baba nikiisoma kwa njia nyingine: kwamba Alhamisi ilikuwa kadari, na Jumamosi ilikuwa kadari, na hata ungechagua ile hukuwa na upande wa bonde ulio nje ya mkono wa Mungu. Akasikiliza. Hakusema Umar amesema kweli. Aliuliza Sargh iko wapi.

Siku hiyohiyo nilimwomba ruhusa ya kuandika makala hii, kwa kuwa msiba ni wake. Akataka kujua kwanza katuni inahusu nini. Nikamsimulia yote: mtambo, profesa kujikwaa, pango, ulimwengu kwisha na kuanza. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni akicheka sehemu za roboti. Nilipofika pale mtambo ulipowaangukia wale watatu, baba hakucheka. Aliuliza, "Na wale waliopondwa, nani aliwazika?"

Nikamwambia: yule roboti.

Akanyamaza kidogo. "Afadhali," akasema. Kisha akamwambia mdogo wangu alete daftari lake la hesabu, waone kama amemaliza.